Kupangiwa Kazi Liwale

Liwale ni makao makuu ya wilaya iliyo ndani kabisa ya Mkoa wa Lindi, jirani na misitu ya iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi haipiti huko. Msafiri huiacha Nangurukuru, karibu na Kilwa, akaingia njia ya zaidi ya kilomita 200 kuelekea bara, au huzunguka kupitia Nachingwea. Masika yakichachamaa, basi linaweza kulala njiani. Ndiyo maana mwalimu, muuguzi au ofisa kilimo anayeliona jina la Liwale kwenye orodha ya ajira mpya huanza kuulizia uhamisho kabla hajafunga begi. Hofu hiyo ina sababu zake, ila wengi huogopa kisichowahusu sana. Maji ya kisima na umeme wa kukatikakatika huzoeleka. Kinachomsumbua mgeni zaidi ni kuishi mahali ambapo karibu kila jambo hupita kwa watu wanaofahamiana.

Mtumishi huripoti kwanza kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kituoni kwake. Akiwa na busara, siku hiyohiyo au kesho yake hufika pia kwa mtendaji na mwenyekiti wa mahali anapokwenda kukaa. Wengine huona huko ni kupoteza muda. Lakini mwenyekiti ndiye anayejua nyumba ipi ina wapangaji wanaohama, kisima kipi hukauka Septemba na mama gani anapika chakula cha kulipia. Mji mdogo hauna haja kubwa ya dalali. Nyumba hupatikana kwa kuulizia, na anayeuliza huulizwa kwanza ni mgeni wa nani.

Baada ya nyumba ni fedha. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taarifa za mwajiriwa zikiingizwa kwenye mfumo, na posho ya kujikimu huisha haraka kuliko ilivyohesabiwa. Hapo ndipo daftari la dukani linapoingia. Mwenye duka hufungua ukurasa, na kwa kuwa jina bado halijamkaa, huandika tu "Mwalimu mpya": sukari nusu, sabuni mche mmoja, mafuta ya kupimiwa. Hakuna dhamana wala riba. Dhamana pekee ni kwamba mdeni hana njia nyingine ya kupita kwenda kazini. Anayelipa tarehe ya mshahara hukopeshwa mwaka mzima. Anayeanza kuzungukia nyuma ya nyumba za watu hujulikana kabla ya magharibi, na duka la pili huwa limeshapata habari.

Bei na hali ya mji hufuata korosho. Mavuno hushika kasi kuanzia Oktoba, na mazao huuzwa mnadani kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo yakiingia benki, foleni hurefuka, wakala wa simu husema floti imeisha saa nne asubuhi, na pikipiki mpya huonekana kila kona. Ngoma, harusi na ujenzi husubiri msimu huo. Mtumishi anayetegemea mshahara hujikuta ghafla ndiye mwenye fedha kidogo, jambo ambalo huwashangaza waliokuja wakidhani wanakwenda kuishi na maskini. Ikifika Februari mambo hugeuka: barabara ni tope, vitu vya dukani vimepanda, na fedha za korosho zimekwisha. Wenye uzoefu hununua mchele, unga na dawa za lazima mapema.

Kazini nako kuna kalenda isiyobandikwa ukutani. Nguruwe, nyani na tembo hushambulia mashamba, kwa hiyo familia huhamia shambani kulinda mazao kutoka kwenye dungu, wakati mwingine pamoja na watoto. Mwalimu anayeita utoro huo uvivu hukosana na wazazi bure. Anayezungumza nao kabla ya msimu, ili mtoto aachwe kwa bibi au shangazi mjini, hupata wanafunzi wengi zaidi.

Uhusiano na majirani hupimwa zaidi msibani. Mgeni hategemewi kutoa fedha nyingi. Hutegemewa kufika, kuandikwa kwenye orodha ya rambirambi na kukaa jamvini na wenzake. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, maiti huzikwa mapema, na kusema "nitapita jioni" ni kukosa mazishi. Wakati wa Ramadhani magenge mengi hufungwa mchana, hivyo asiyefunga hupika kwake na kula ndani. Utani nao umeshamiri miongoni mwa Wangindo na makabila mengine ya kusini. Maneno makali ya mtani, hata kwenye msiba, si ugomvi, na anayekasirika huonekana mtoto.

Upweke haukwepeki, hasa kwa kijana aliyemwacha mchumba mbali. Pia ile hali ya kujulikana na kila mtu, inayosaidia dukani, huchosha: nani kaingia kwake saa tatu usiku ni habari ya sokoni asubuhi. Kwa hilo hakuna dawa zaidi ya kuishi kwa namna isiyohitaji kufichwa.

Baadhi ya watumishi huishia kununua shamba la mikorosho. Anayefikiria hivyo asimalize mambo shambani kwa maneno na muuzaji peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mgeni anayetaka shamba huko anapaswa kuanzia kwenye ofisi yake.