Fahamu: Mitishamba inatibu UTI?

Pita Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta chupa za plastiki zenye dawa ya rangi ya kahawia, zimebandikwa karatasi: "UTI sugu, fangasi, nguvu za kiume." Dawa moja, maradhi matatu. Hapo tu pana shaka.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na E. coli, bakteria wa utumboni. Wanawake huugua zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4, na uko karibu na njia ya haja kubwa.

Maji ya shayiri au juisi ya choya humkojoza mtu, na kukojoa husaidia kusafisha kibofu. Maji ya kunywa nayo hufanya kazi hiyo, tena bila gharama. Kitunguu saumu huua bakteria maabarani. Kukiweka ukeni, kama wengine wanavyoshauriana, huunguza. Tunda lenye ushahidi wa kueleweka ni cranberry la Amerika Kaskazini: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha linapunguza UTI ya kujirudia kwa baadhi ya wanawake. Linakinga, haliponyi.

Halafu si kila mkojo unaouma ni UTI. Kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, chenye dawa yake tofauti.

Ukipata homa, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, au kama ni mjamzito, weka chupa kando, uende ukapimwe mkojo leo hii.