Nyaya ndani ya usukani wa pikipiki: tundu litobolewe wapi?

Waya wa swichi unaopita nje ya usukani hupigwa na jua, hurukiwa na tope la mvua za Novemba hadi Aprili, na kila mfuko wa abiria unaoning'inizwa pale huuvuta kidogo. Ndiyo maana baadhi ya madereva wa bodaboda hapa Songea hutaka nyaya zipitishwe ndani ya bomba. Wazo ni zuri. Ila fundi anayeshika drili kabla ya kujua bomba linabeba nini anaweza kumvunjia mtu usukani mkononi, tena akiwa na abiria.

Bomba la pikipiki nyingi za kazi lina kipenyo cha takriban milimita 22. Limeshikwa katikati na vibano viwili, mikono ya dereva iko mbali huku na huku. Kila anapoulalia usukani kwenye barabara ya vumbi, na gunia la mahindi nyuma, bomba linataka kupinda, na nguvu kubwa huangukia pale linapotokeza kwenye kibano. Ukitoboa hapo, umeupa ufa mahali pa kuanzia. Kwenye mkunjo wa bomba pia usiguse. Nyaya ziingie chini ya swichi, karibu na mkono, ambako mzigo ni mdogo. Zitokee katikati, baina ya vibano viwili. Matundu yote yawe upande wa chini. Dereva anapokandamiza, upande wa juu wa bomba huvutwa na wa chini hubanwa, na ufa hufunguka pale chuma kinapovutwa. Maji nayo yatapata pa kutokea.

Tundu liwe la mviringo, au lirefuke kufuata bomba. Lisiwe na pembe. Lipigwe tupa, kisha msasa, hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kwa nje na kwa ndani. Kipande cha mpira wa mafuta kilichopasuliwa kwa urefu hukaa vizuri kwenye ukingo wake.

Soketi ya swichi haitapita kwenye tundu, na wengi hapo hukata nyaya. Usikate. Piga picha mpangilio wa rangi, chomoa vichwa vya shaba kimoja kimoja kwa bisibisi nyembamba, uvirudishe kazi ikiisha. Kiungio kilichofichwa ndani ya bomba kitalegezwa na mtetemo, na hutakiona. Kwa kuvutia nyaya, waya wa klachi uliochakaa unafaa sana: usukume kutoka tundu la katikati hadi la pembeni, funga nyaya kwa kupishanisha vichwa ili fundo lisinenepe, paka poda, vuta taratibu. Kebo za klachi, mafuta na breki zitabaki nje, kwa hiyo asikuahidi mtu usukani mtupu.

Waya ninaouhofia zaidi ni wa kuzimia injini. Kwenye pikipiki nyingi ndogo zenye mfumo wa cheche wa CDI, swichi huzima injini kwa kuugusisha waya huo na bodi. Ukichubuka ndani ya bomba la chuma, bomba lenyewe linakuwa swichi: injini inazima ghafla, hakuna fyuzi iliyokatika, na fundi anaanza kubadilisha plagi na koili zisizo na kosa. Waya wa taa unaopitia fyuzi ukichubuka, angalau fyuzi itakuambia.

Hata hivyo, mahali nyaya zinapokatika mara nyingi ni shingoni, zinapokunjwa kila unapokata kona, na kuzificha bombani hakupunguzi mkunjo huo. Acha kitanzi kilicholegea mbele ya shingo, mbali na taya zinazozuia usukani usizidi kugeuka, wala usikifunge kwa kamba ya plastiki mahali panapojikunja. Kisha washa injini, taa na indiketa, piga honi, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara kadhaa. Taa ikipepesa au mlio wa injini ukisita, fungua tena kabla pikipiki haijatoka.

Usukani uliowahi kupinda kwa ajali ukanyooshwa usitobolewe kabisa. Nunua mpya kwanza, utoboe huo.