Mwaka wa gari kwanza, mstari mweupe baadaye

Mwenye Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957 anapotafuta matairi yenye ubavu mweupe, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni lipi linalopendeza zaidi. Swali hilo lingefaa kuja mwisho. Upana wa mstari mweupe ulibadilika kadiri miaka ilivyosonga, hata mjuzi wa magari ya Kimarekani huweza kukadiria umri wa gari kwa kuutazama. Anayechagua basi atangulize mwaka wa gari, kisha kazi ya gari hilo, halafu umri wa tairi lenyewe. Akiufuata mpangilio huo, uzuri hautamkosa.

Weupe huo haukuanza kama urembo. Mpira wa asili una rangi ya maziwa, na viwanda vya mwanzo viliuchanganya na oksidi ya zinki ili kuuimarisha, hivyo matairi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa meupe au ya kijivu. Baadaye ilibainika kwamba masizi huufanya mpira usilike upesi. Masizi yakatiwa kwenye sehemu inayokanyaga barabara, ubavu ukabaki mweupe. Kwa muda tairi jeusi tupu ndilo lililohesabiwa kuwa la kifahari, kwani halikuhitaji kusuguliwa kila mara, lakini miaka ya 1930 mambo yaligeuka na ubavu mweupe ukawa ndio unaolipiwa zaidi. Vita vya Pili vya Dunia viliikatia Marekani mpira wa Asia ya Kusini-Mashariki, na pambo hilo likatoweka sokoni. Baada ya vita mstari ulirudi, katika miaka ya 1950 ukawa na upana wa zaidi ya inchi 2, na kufikia magari ya mwaka 1962 ulikuwa umepungua hadi karibu inchi 1. Kwa hiyo Bel Air ya 1957 yenye mstari mwembamba, au Chevrolet Impala ya 1964 yenye mstari mpana, inapingana na tarehe yake.

Mtu atasema gari ni lake na hakuna sheria inayomzuia kufunga atakacho. Ni kweli. Lakini aliyegharimika kurudisha kromu ya bampa, kitambaa cha viti na rangi ya bodi kama vilivyotoka kiwandani ameshaamua kuheshimu mwaka wa gari hilo. Kuuacha uamuzi huo anapofika kwenye magurudumu, sehemu inayoonekana kutoka kila upande, ni kuivunja kazi yake mwenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa wapenda uasilia. Bel Air ya 1957 iliondoka kiwandani na matairi ya nyuzi za mshazari, ya saizi 7.50-14; wao huona kwamba kuifunga matairi ya kisasa ya rediali, hata ikiwa na ubavu mweupe, ni kuighushi. Kwa gari la maonyesho hoja yao ni sahihi, kwani tairi la mshazari ndilo lenye umbo na kashata za zama zake. Kwa gari linalotembea barabarani haitoshi. Tairi la mshazari huvutwa na mifereji ya barabara na kumlazimisha dereva kuusahihisha usukani mara kwa mara, ilhali rediali hushika lami vizuri zaidi, hasa kwenye kona. Isitoshe, tairi ni kitu cha kulika na kubadilishwa, na hakuna Bel Air inayoendeshwa ambayo haijawahi kubadilishiwa matairi. Siku hizi zipo rediali zenye mstari mpana, na saizi ya 205/75R14 hukaribia sana ile ya zamani. La muhimu ni fundi akague kwanza kama ringi za zamani bado ni nzima, kisha asichanganye aina hizo mbili kwenye gari moja.

Jambo la tatu ni umri. Kashata nzima haimaanishi tairi zima, kwa maana jua na ozoni huukausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa. Tangu mwaka 2000, tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wapo wanaokwepa gharama kwa kuvika pete nyeupe juu ya tairi jeusi, lakini pete inayocheza husugua ubavu na kuficha nyufa zinazopaswa kuonekana mapema. Asiyemudu matairi manne mapya yenye ubavu mweupe afunge meusi yaliyo salama bila kuona haya. Mwaka 1957 ubavu mweupe ulikuwa nyongeza ya kulipiwa, kwa hiyo Bel Air yenye matairi meusi nayo iko kama kiwanda kilivyoitoa.