Kufuta Windows ya zamani bila kupoteza hesabu za duka

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, kama ilivyofanya kwa Windows XP Aprili 8, 2014 na kwa Windows 7 Januari 14, 2020. Kwa mwenye duka la jumla Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, tarehe hizo si habari za mbali. Kompyuta inayotunza hesabu zake mara nyingi ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na Windows 11 haikubali mashine isiyo na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0.

Ndiyo maana mafundi huweka mifumo miwili katika kompyuta moja. Wengine huweka Windows 10 kando ya Windows 7, wengine huweka Ubuntu au Linux Mint kando ya Windows. Mashine ikiwashwa, skrini inauliza ni mfumo upi ufunguliwe. Ule wa zamani huachwa kwa sababu moja: programu ya hesabu au ya stoo iko humo. Mpango huwa ni wa mwezi mmoja, kisha mwaka unakatika na mifumo yote miwili bado ipo.

Siku ya kuufuta mfumo wa zamani inapofika, kazi huonekana nyepesi. Hata hivyo makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kufuta mfumo pamoja na kumbukumbu za biashara. La pili ni kufuta sehemu ya diski inayoiwasha kompyuta nzima, hata mfumo mpya usifunguke. Yote mawili huzuilika kwa utaratibu.

Kwa nini usiachwe tu

Mfumo usiopata tena masasisho ya usalama hubaki na matundu yanayojulikana na wezi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta za nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwa zimesasishwa.

Kuwa na mfumo mpya kando yake si kinga ya kutosha. Mfumo wa zamani ukiwashwa hata mara moja kwa wiki, kirusi kitakachoingia kinaweza kugusa kila sehemu ya diski ambayo mfumo huo unaisoma, zikiwamo zenye mafaili ya mfumo mpya.

Sababu ya pili ni nafasi. Diski ya GB 128 ikigawanywa kwa mifumo miwili, mfumo mpya hujaa haraka, mashine ikawa nzito na masasisho yakakwama.

Hesabu kwanza

Sheria za kodi za Kenya na Tanzania zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Ankara zilizopita katika eTIMS ya Kenya, EFRIS ya Uganda au EBM ya Rwanda zina nakala upande wa mamlaka ya kodi. Lakini daftari la madeni, bei za manunuzi, nakala za hati za forodha na vyeti vya uasili wa bidhaa vilivyopigwa picha hubaki katika kompyuta ya mwenye mali. Hata anayetumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulio wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ataulizwa karatasi zake pakitokea ubishi kuhusu mzigo uliopita.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwasha mfumo wa zamani na kutoa kila kilicho cha biashara. Folda za Desktop, Documents na Downloads hukumbukwa na wengi. Vinavyosahaulika ni hivi:

Data za programu ya hesabu. Nyingi hazisomeki kwa kunakili folda tu. Nakala ya akiba itolewe kwa amri iliyomo ndani ya programu yenyewe. Ripoti za mauzo, za stoo na za madeni za kila mwaka zihifadhiwe pia kama PDF, ili zisomeke hata programu hiyo isipokuwepo.

Leseni ya programu. Kama imefungwa kwa mashine au mfumo mmoja, iondolewe katika mfumo wa zamani kabla haujafutwa. Vinginevyo muuzaji wa programu anaweza kudai ilipiwe upya.

Nywila zilizotunzwa na kivinjari, hasa za tovuti za kodi, forodha na benki, pamoja na barua pepe zilizopakuliwa kwenye Outlook.

Nakala ziwekwe mahali pawili, kwa mfano diski ya nje na flashi. Diski D iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo haihesabiki, kwa kuwa mara nyingi ni sehemu tu ya diski ileile. Kisha nakala zifunguliwe katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni matumaini.

Nani anaiwasha kompyuta

Kompyuta ikipata umeme, haiendi moja kwa moja kwenye Windows wala Linux. Huanza na programu ndogo inayojua kila mfumo umekaa wapi. Katika Windows programu hiyo ni Windows Boot Manager, katika Ubuntu na Mint ni GRUB. Programu hiyo inaweza kuwa imekaa upande wa mfumo unaotaka kufutwa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ikiwa mifumo yote ni Windows, kazi ifanyike ndani ya ile inayobaki. Mmiliki abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msconfig, kisha afungue ukurasa wa Boot. Mfumo unaobaki ufanywe chaguo la kwanza kwa Set as default, na wa zamani uondolewe kwenye orodha kwa Delete. Hatua hii huondoa jina tu, mafaili bado yapo. Kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Ikiingia moja kwa moja kwenye mfumo mpya, hatua inayofuata inaweza kuanza.

Hatua hiyo ni diskmgmt.msc, inayoonyesha sehemu zote za diski. Ile yenye neno System ndiyo yenye mafaili ya kuwashia. Kama neno hilo liko kwenye sehemu ya Windows ya zamani, isifutwe. Fundi ahamishe kwanza mafaili hayo kwa amri ya bcdboot. Windows yenyewe hukataa kufuta sehemu hiyo, lakini programu nyingi za mafundi zinazowashwa kutoka kwenye flashi hazikatai.

Ikiwa inayoondolewa ni Linux na Windows inabaki, swali la kwanza ni aina ya uwashaji. Amri ya msinfo32 ina mstari wa BIOS Mode. Ukisema UEFI, mmiliki huingia kwenye mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka na kuiweka Windows Boot Manager juu ya orodha. Ukisema Legacy, flashi ya kusakinishia Windows inahitajika, na amri ya bootrec /fixmbr hurudisha uwashaji kwa Windows. Anayefuta sehemu za Linux kabla ya hapo katika mashine ya Legacy hukutana na maandishi ya grub rescue, na Windows haifunguki ingawa haijaguswa.

Hapa pana mtego mwingine. Sehemu za Linux huonekana katika diskmgmt.msc bila herufi kama C au D. Lakini zile zilizoandikwa EFI System Partition na Recovery nazo hazina herufi. Hizo mbili ziachwe kama zilivyo.

Ikiwa inayoondolewa ni Windows na Linux inabaki, programu ya GParted huonyesha sehemu za Windows kwa jina la ntfs. Hizo ndizo hufutwa. Sehemu ndogo ya fat32 yenye alama ya boot na esp haiguswi, kwa kuwa Linux nayo huwakia hapo. Mwisho, amri ya sudo update-grub huondoa jina la Windows kwenye orodha ya kuwashia.

Katika hali zote tatu, kompyuta yenye BitLocker inahitaji tahadhari ya ziada. Mpangilio wa uwashaji ukibadilika, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Nafasi iliyobaki

Baada ya kufuta, diski huonyesha eneo lililoandikwa Unallocated. Windows inaweza kulipa eneo hilo diski C kwa Extend Volume pale tu linapokuwa upande wa kulia wa C na limepakana nayo. Windows ya zamani mara nyingi huwa upande wa kushoto kwa kuwa ilitangulia, na hapo chaguo hilo halifanyi kazi. Badala ya kuhamisha mfumo mzima, ni salama zaidi kuunda sehemu mpya, kuipa herufi na kuifanya stoo ya mafaili.

Kompyuta ikienda kwa fundi

Anayempelekea fundi mashine anaweza kumuuliza maswali matatu kabla ya kuiacha: mafaili ya kuwashia yako sehemu ipi, nakala za hesabu ziko wapi, na flashi ya kuokolea mashine ipo? Fundi anayeijua kazi atajibu baada ya kutazama skrini dakika chache. Anayejibu kwamba atafuta vyote na kuweka upya anazungumzia kazi nyingine, na nakala za hesabu zisiachwe ndani ya mashine hiyo.

Kama kompyuta inauzwa, kufuta kwa kawaida hakutoshi. Ile format ya haraka huacha majina ya wateja na madeni yao yakiweza kurudishwa na mnunuzi upande wa pili wa mpaka. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Diski ya aina ya zamani inayozunguka isafishwe kwa format kamili, si ya haraka. Diski ya SSD isafishwe kwa programu ya aliyeitengeneza.

Kazi nzima ipangiwe siku ambayo hakuna mzigo unaosubiri kutolewa forodhani. Nakala za diski ya nje zisifutwe hadi mfumo uliobaki uwe umetoa ankara, umechapisha stakabadhi na kufunga hesabu za mwezi mmoja kamili.