Waya Usio na Fyuzi

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita dereva mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alituletea swali. Amenunua kutoka kwa jamaa yake aliyerudi kutoka nje kifaa kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari. Kazi ya kifaa hicho ni kulia kinapohisi rada ya askari wa usalama barabarani, yaani hii tuliyozoea kuiita tochi. Anataka kukiunga moja kwa moja kwenye umeme wa gari, ili tundu la kiberiti cha sigara libaki la kuchajia simu. Fundi amemwambia ni kazi ya dakika tano tu: waya mmoja kwenye betri, mwingine kwenye bodi, basi.

Jibu letu linamhusu kila mwenye gari, kwa maana waya huo huo wa dakika tano ndio unaotumika kufunga redio, king'ora cha wizi, kamera na taa za urembo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ukisimama kando ya barabara pale Usagara, basi likija huku linapiga honi, mlio husikika mwembamba; likishakupita, mlio hushuka na kuwa mzito. Rada hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Hutuma mawimbi, yakagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika, na badiliko hilo ndilo linalotaja mwendo. Kifaa cha rafiki yetu husikiliza mawimbi hayo. Lakini askari akiiwasha rada pale tu gari lako linapofika, kifaa kitalia wakati mwendo wako umeshasomwa.

Ipo tochi ya pili, ya miale ya leza. Mwale wake ni mwembamba mno; kwa umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita moja, na husoma mwendo kwa muda usiofika sekunde moja. Kifaa kikilia hapo, ni sawa na mtu anayekuambia mvua inanyesha nawe umekwisha kulowa. Tena kifaa hicho hudanganywa na milango ya maduka inayofunguka yenyewe, na hata na rada ndogo zilizomo ndani ya magari mapya. Huko Ufaransa, na katika jimbo la Virginia kule Marekani, vifaa hivi vimepigwa marufuku kabisa ndani ya gari.

Sasa tuje kwenye waya, ambako ndiko kuliko na hatari kubwa. Watu wengi hudharau umeme wa gari kwa sababu volti 12 hazimrushi mtu. Ni kweli hazirushi, lakini zinaunguza. Kifaa kama hiki hakitumii hata ampea moja. Betri, kwa upande wake, ikipigwa shoti huweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme wa kiasi hicho huwa mwekundu kama kaa la moto kwa sekunde chache tu, na plastiki yake ikaanza kuwaka.

Nasema haya nikiwa nimeyaona. Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja alinifungia redio kwa mtindo huo wa dakika tano. Waya aliutoa kwenye betri bila fyuzi, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, bila mpira wa kuukinga. Redio iliimba vizuri miezi minne. Siku moja tukielekea Magu, nikiwa nimembeba mama yangu mzazi na wanangu wawili, tulipofika karibu na Kisesa moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Makali ya bati yalikuwa yameula waya taratibu, siku hadi siku. Namshukuru Mungu nilikuwa na spana, nikaichomoa betri. Mama hakusema neno mpaka tulipofika.

Fyuzi, ndugu msikilizaji, haiwekwi kwa ajili ya redio wala kifaa. Fyuzi hulinda waya. Ndiyo maana inapaswa kukaa karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa, umbali usiozidi shubiri moja, na kwa kifaa kidogo kama hiki ampea moja au mbili zinatosha. Anayeziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Fundi mwenye kujua kazi huanza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Huchukua umeme kwenye njia inayowaka pale tu ufunguo unapofunguliwa, akihakikisha kwa taa ya kupimia. Akichukua umeme usiozimika, kifaa kinachotumia robo ya ampea hula ampea-saa sita kwa siku moja. Gari likilala siku tano, nusu ya betri ya ampea-saa 60 imekwisha. Waya wa hasi huukaza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya za manjano za eabegi hazigusi kabisa. Na kama gari ni basi kubwa au lori, hukumbuka kwamba umeme wake ni wa volti 24, hivyo kifaa cha volti 12 kitaungua.

Hayo ndiyo majibu ya ufundi. Lakini tumuulize rafiki yetu: haraka hiyo ni ya nini? Zamani dereva wa Sengerema au Geita alikimbia ili awahi kivuko pale Kigongo. Tangu mwezi Juni 2025 daraja lipo, na halina saa ya kuondoka. Vijiji vyetu vina vibao vya kilomita 50 kwa saa kwa sababu watoto wanavuka kwenda shule na akina mama wanavuka kwenda kuteka maji ziwani. Kwenye kilomita 80 gari hula mita 22 kila sekunde. Mtoto hana kifaa cha kumwambia kwamba unakuja.

Kifaa cha kukuepusha na tochi tayari unacho kwenye dashibodi: ni mshale wa mwendo. Nao kiwandani waliuunga vizuri, na fyuzi yake wakaiweka.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaaliwa.