Treni ya Ghorofa Kwenye Nyika ya Taru

Wajukuu zangu wa Diani, Ukunda na Msambweni, nikiwauliza reli ya Kwale iko wapi mtanicheka. Mtaniambia Kwale ina bahari, ina msitu wa Shimba wenye palahala na tembo, ina mbega wanaovuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba, lakini treni ni mambo ya Mombasa, ng'ambo ya feri. Kwa upande wenu wa pwani mmesema kweli. Tangu Likoni hadi Lunga Lunga hakuna mahali pa kupandia treni. Ila kaunti yenu haiishii kwenye mchanga mweupe. Nendeni kaskazini, mpite Kinango, mwingie nyika ya Taru, na huko mtaikuta reli. Tena si moja, ni mbili, ya kale na ya kisasa, zote zikielekea Voi.

Ya kale ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria, pale panapoitwa Kisumu leo, mwishoni mwa 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile, wakaungana na wenyeji, na nyika ya Taru iliwatesa kwa kiu na miiba kabla hawajakutana na simba wa Tsavo. Pale Mackinnon Road, ndani ya kaunti yenu, kuna msikiti kando ya reli wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyekuwa mmoja wa watu wa kazi ile. Husimuliwa kwamba akibeba karai la kokoto, karai halikugusa kichwa chake, lilielea juu yake mpaka afike. Madereva wa treni walizoea kupunguza mwendo na kupiga honi wakipita hapo, na wasafiri wa barabarani hadi leo husimama kuzuru.

Ya pili, ile ya kisasa, ndiyo SGR ya kwenda Nairobi, ambayo treni yake ya abiria ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Hapa ndipo lilipo neno langu. Treni ile inayosimama njiani ikitoka stesheni ya Miritini, Mombasa, husimama Mariakani, ambako ni Kilifi. Kituo kinachofuata ni Miasenyi, ambako ni Taita Taveta. Na katikati? Katikati ni kwenu: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Treni inaikatiza Kwale na mlango wake haufunguki. Mtoto wa Taru anaijua rangi ya mabehewa, anaujua mlio wake, lakini akitaka kuipanda lazima kwanza atafute gari la kumpeleka kaunti nyingine.

Naona sababu yake si chuki, ni uzito. Treni tulizozizoea zina kichwa na mabehewa. Injini imo kwenye kichwa, nayo mabehewa hukokotwa tu. Kichwa cha dizeli cha SGR peke yake hupita tani 100. Kuusimamisha msururu kama huo na kuuondoa tena hula mafuta na dakika nyingi, na kwa abiria watano wa Taru hesabu haitoki. Tena treni ikifika mwisho wa safari, kichwa hufunguliwa, hupitishwa reli ya pembeni, hufungwa upande wa pili, ndipo ianze kurudi.

Sasa hebu lifikirieni trekta la miwa la Ramisi likivuta trela, halafu fikirieni matatu. Matatu haina cha kufunga wala cha kufungua, kwa sababu injini na abiria wamo katika bodi moja, na dereva akiona mtu mmoja kando ya barabara atasimama amchukue. Ziko treni za namna hiyo. Injini ya dizeli hufungwa chini ya sakafu ya behewa lenyewe, ikazungusha giaboksi, giaboksi ikazungusha ekseli, na juu yake watu wameketi na mizigo yao. Chumba cha dereva kiko kila upande. Mkifika mwisho, dereva hushuka upande huu, hupanda ule, na safari ya kurudi imeanza. Siku abiria wakiwa wengi, mabehewa mawili au matatu ya aina hiyo huunganishwa, na dereva mmoja huyaendesha yote.

Msidhani ni jambo la mbali. Kiberenge, kile kigari cha mafundi wanaokagua reli, kimekuwa kikijiendesha siku zote. Na mwaka 2020 zilianza kushuka bandarini Mombasa treni za kujiendesha zilizonunuliwa Uhispania, katika kisiwa cha Mallorca. Zilikuwa 11 kwa jumla, zimekwisha kutumika huko, zikapelekwa kubeba wafanyakazi wa Nairobi. Kwa nini Mallorca? Kwa sababu reli ya kisiwa kile ina upana wa mita 1, sawasawa na reli yetu ya kale, hivyo magurudumu yalikaa bila kubishana.

Majirani zetu Tanzania wamekwenda mbele zaidi. Kwenye SGR yao ya Dar es Salaam hadi Dodoma kuna treni ambayo watu waliiita mchongoko, kwa vile pua yake imechongoka. Haina kichwa cha kuvuta, mota ziko chini ya mabehewa na umeme hutoka kwenye waya juu ya reli. Reli hiyohiyo imeletewa pia mabehewa ya ghorofa kutoka Ujerumani, lakini hayo huvutwa na kichwa. Basi mnaona: huko, treni inayojiendesha haina ghorofa, na yenye ghorofa haijiendeshi. Kuyatia mambo hayo mawili katika behewa moja, kama ninavyoiotea Taru, ni kazi ngumu, na nataka muielewe vizuri.

Fundi wa Ulaya akiunda behewa la ghorofa halipandishi juu tu, maana madaraja na waya vitalizuia. Huizamisha sakafu ya chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mpaka ikaribie reli. Ndiyo maana ukiingia humo unakuta ngazi mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda. Sasa injini tutaiweka wapi? Pale chini ya sakafu ilipopaswa kukaa, pameshakuwa na miguu ya abiria. Umeme una nafuu, kwa kuwa mota ni ndogo na hukaa karibu na magurudumu, na vifaa vingine hupandishwa darini au husukumwa mwishoni mwa behewa. Lakini dizeli inadai nafasi ya injini, tangi, rejeta na bomba la moshi.

Wamarekani wa kiwanda cha Colorado Railcar, katika mji wa Fort Lupton, walichagua njia nyingine. Waliiacha injini chini ya sakafu, kisha wakajenga ghorofa mbili juu yake, wakafika karibu mita 6 kutoka reli. Mabehewa machache ya aina hiyo yaliuzwa kusini mwa Florida ili kuwabeba watu wa kwenda kazini. Moja likakabidhiwa Alaska mwaka 2009, na hilo ndilo linalonifurahisha mimi, kwa sababu ya kazi lililoundiwa. Shirika la reli la Alaska na idara ya misitu ya Marekani walikuwa wameanzisha vituo vidogo ndani ya msitu wa Chugach, mahali pasipofikiwa na barabara. Treni husimama karibu na mto wa barafu uitwao Spencer, watu wanashuka na mabegi yao, wanatembea, na baadaye treni huwapitia. Wakiwa njiani, wa ghorofani wanaona milima juu ya vichaka, jambo ambalo aliyeketi chini hulikosa.

Je, behewa kama hilo lingeweza kupita Taru? Kwenye reli ya kale nasema hapana. Kitu kirefu kilichosimama juu ya upana wa mita 1 huyumba, na ile njia ya kupanda kutoka Mombasa kupitia Mazeras imejaa kona. Kwenye SGR nasema ndiyo, na ushahidi unapita mbele ya macho ya watu wa Samburu. Treni za mizigo za reli hiyo hubeba makontena yaliyopandana, moja juu ya jingine. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6 hivi. Mawili ni mita 5.2, ongeza kitako cha behewa linaloyabeba, mmeshazikaribia zile mita 6. Daraja lililolipisha kontena la juu litawapisha abiria wa juu. Na kwa kuwa SGR yetu inatumia dizeli, hakuna waya wa umeme wa kuogopa kichwani.

Jambo moja tu nisingeliiga kutoka nchi za baridi: paa la kioo. Huko hulitumia ili wauone mlima mpaka kileleni, na jua lao ni mgeni anayekaribishwa. Jua la Taru saa nane mchana lingewaunguza abiria chini ya kioo kile, na injini ingechoka kuendesha kipoza hewa badala ya magurudumu. Kwetu madirisha yawe makubwa, paa lizibwe. Na behewa lisimame Samburu, Taru na Mackinnon Road, limchukue mama mwenye kuku na mtalii mwenye kamera kwa bei ambayo mama ataimudu. Treni ya kutalii inayopita milango ya wenyeji bila kuwachukua, mimi siitaki.

Siku hizi hamhitaji hata feri kwenda kujionea. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, gari linatoka upande wenu, linavuka daraja la Mteza na la Mwache, linatokea Miritini, si mbali na stesheni ya SGR. Siku wazazi wakiwapeleka Nairobi, ombeni kiti cha dirishani na mkishapita Mariakani msilale. SGR ina njia moja tu, hivyo treni ya mizigo mara nyingi husubiri pembeni ili iwapishe. Ikiwa imebeba makontena mawilimawili, inueni macho mlitazame lile la juu, hapo katikati ya ubavu wake. Kichwa cha abiria wa ghorofani kingekuwa usawa huo. Kisha niandikieni mniambie, kutoka hapo angeona nini cha Taru ambacho nyinyi mlioketi chini hamkukiona.