Ndege za Vita Mezani (Sehemu ya Pili): B.E.2c ya mwaka 1916

Wiki iliyopita tulipaka rangi Hurricane na Fiat CR.42, mahasimu wa anga la Ethiopia mwaka 1941. Leo turudi nyumbani. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Jenerali Jaap van Deventer wa upande wa Waingereza walitoka Arusha, wakaiteka Lolkisale, wakapita Ufiome, upande huu wetu wa Babati, mvua za masika zikiwanyeshea na farasi wakifa njiani, hadi wakaingia Kondoa-Irangi. Jeshi la Waingereza katika vita hivyo lilikuwa na macho angani: Kikosi cha 26, chenye Waafrika Kusini wengi, kilichoshuka Mombasa mwishoni mwa Januari na kupiga kambi Mbuyuni, karibu na Taveta. Miongoni mwa ndege zake ilikuwamo B.E.2c.

Wachezaji wengi wa michezo ya vita ya mezani huikwepa ndege hii. Ni ya polepole, haifiki kilomita 120 kwa saa, na kule Ulaya Fokker za Wajerumani ziliiangusha kwa wingi. Mimi naiona ndiyo inayostahili meza zetu kuliko zote. Huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na ndege ya kupambana nayo. Maadui wa B.E.2c walikuwa pori, joto na risasi za kutoka chini. Mchezo wake basi ni wa kutafuta. Mchezaji mmoja anaficha askari na wapagazi wake chini ya miti, mwingine anaamua aruke kimo gani. Akiwa juu yu salama lakini haoni kitu. Akishuka anaona, naye anaonekana.

Sasa tuiunde. Kwa kipimo cha 1/144, mabawa ya B.E.2c yana upana wa takribani sentimita 8. Chukua kijindege chochote cha plastiki chenye mabawa mawili na viti viwili. Kata mabawa, uyaunde upya kwa plastiki ya kadi inayobaki ukishachomoa laini ya simu: la juu na la chini yawe na urefu sawa, la juu likitangulia kidogo. Kwenye ndege nyingi za viti viwili mpiga bunduki hukaa nyuma. Hapa rubani ndiye aliye nyuma na mtazamaji mbele, amebanwa kati ya nguzo na nyaya. Kwa hiyo ng'oa bunduki ya nyuma na uzibe tundu lake. Pangaboi liwe la mapanga manne. Kisha chukua waya wa shaba wa mota mbovu, utengeneze mabomba mawili ya moshi yanayopanda wima hadi juu ya bawa la juu. Mabomba hayo ndiyo sura ya B.E.2c, ukiyaacha, kazi yote inapotea. Nyaya za kati ya mabawa zifunge kwa mshipi mwembamba kabisa wa kuvulia, ushikishwe kwa tone dogo la supagluu.

Rangi ni ya kitambaa cha kitani: nyeupe yenye njano kidogo na tone la kahawia. Tumia akriliki. Rangi ya kucha usiiguse, dawa yake inayeyusha plastiki. Mbele, penye injini, paka kijivu. Alama za duara zinatisha wengi bure: chovya ncha butu ya kijiti cha mshikaki katika buluu, gonga mara moja, acha ikauke, rudia kwa nyeupe kwa kijiti chembamba zaidi, kisha nyekundu kwa kijiti cha meno. Kwenye usukani wa mkia mistari ianze na buluu mbele, nyeupe katikati, nyekundu nyuma.

Mwisho, saga udongo mwekundu wa Kondoa hadi uwe vumbi laini, uusugue kwa brashi kavu kwenye magurudumu na tumboni. Bawa la juu liache safi.

Wiki ijayo tutaunda Henri Farman, ndege nyingine ya kikosi hicho, ambayo injini yake iko nyuma ya rubani.